Kumtafutia Mjomba Klarineti

Nilitoka nyumbani Kathonzweni siku ya Jumanne kwa sababu ya ahadi ambayo hata si mimi niliyeitoa. Mjomba Kimanzi, kaka yake mama, anayeishi Nuu, alimwahidi binti yake Mumbua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni kwamba siku ya harusi yake atamtoa nyumbani kwa klarineti. Atatembea mbele yake akiipuliza, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kanisa. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo. Na mwaka uliotangulia, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ilikuwa imemla mjomba ncha ya kidole. Kwa hasira au kwa huzuni, sijui, aliichukua klarineti aliyoipiga tangu ujana wake akampa kijana mmoja wa kanisa, akasema mambo hayo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumapili alinipigia simu.

"Ndanu, wewe ndiye umesomea haya maneno," alisema. "Mwalimu Syombua wa Mutomo bado ana zile klarineti za bendi yetu ya zamani. Nimemwambia utapita. Niletee moja nitakayoweza kupiga."

"Na kidole, Mjomba?"

"Kidole kilipona."

"Kabisa?"

"Kilipona vile kidole hupona."

Nilitaka kuuliza ni kidole kipi, cha mkono gani, na kimebaki kiasi gani. Lakini ni mjomba wangu. Ndiye aliyenishika vidole nikiwa darasa la tano akaniwekea kimoja kimoja juu ya matundu. Nitamwambiaje anihesabie vyake? Nikasema sawa.

Nimesomea muziki chuo kikuu na nimehitimu, na tangu nihitimu niko nyumbani nikiandika maombi ya kazi na kufikiria. Mama husema nikitumwa chumvi naweza kurudi mikono mitupu kwa kuwa bado sijaamua ni ya duka lipi. Kwa hiyo usiku wa Jumatatu sikulala vizuri. Nilifikiria jua la Nuu na mbao. Nilifikiria vumbi, upepo, wakwe wakiwa wamepanga mstari, watu wakirekodi kwa simu. Nilifikiria sauti ikikwama katikati ya uwanja. Nilifikiria kila kitu, nadhani, isipokuwa mkono wenyewe.

Jumanne asubuhi nilipanda pikapu ya jirani yetu Muthiani, aliyekuwa akipeleka machungwa Mutomo. Msimu ulikuwa wa machungwa, na pikapu yote ilinukia kiasi kwamba ukivuta pumzi unahisi umeshakula. Tulishuka hadi Kibwezi, tukaiacha barabara kuu na malori yake, tukashika lami inayoelekea Kitui. Huko barabara hunyooka ghafla, nayo nchi hulala. Miti ni ya kijivu, ardhi nyekundu, na mbali sana vilima vya bluu vinavyoonekana kama mtu amevichora akachoka kabla ya kuvimaliza.

Muthiani aliniuliza naenda kufanya nini Mutomo. Nikamwambia naenda kuchagua klarineti.

"Hiyo ndiyo ile tarumbeta ndefu nyeusi?"

"Si tarumbeta. Ya tarumbeta ni midomo inayotetema. Hii ina ulimi, kibanzi chembamba cha mwanzi. Ukipuliza, ule mwanzi ndio unaotetema."

"Na unachaguaje? Mimi chungwa nalishika tu, najua."

"Unaangalia nani atapiga, na atapigia wapi."

Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa. Ndivyo tulivyofundishwa.

Tulipovuka mto Athi nilisinzia, au nilidhani nimesinzia. Baada ya daraja kuna mikondo mingi ambayo si mito tena, ni mchanga mtupu uliolala kati ya kingo mbili. Katika mmoja niliwaona wanawake wamechimba shimo na kuchota maji kwa kikombe, polepole, wakisubiri yajikusanye. Sauti ya chini ya klarineti nimekuwa nikiisikia hivyo siku zote, ni maji yaliyo chini ya mchanga. Huyaoni. Unajua tu kwamba yapo. Nilifumbua macho tukiwa Ikutha na sikuweza kusema ni wapi niliwaacha wale wanawake.

Mutomo tulifika jua likiwa kali, mbuzi wamejibanza kwenye vivuli vya vibanda vya soko. Muthiani alinipa machungwa ya kumpelekea mwenyeji wangu, akaenda kuuza yake.

Mwalimu Syombua ni mwanamke mrefu, mkavu, aliyestaafu kufundisha muziki lakini bado anaweza kukunyoosha mgongo kwa kukutazama. Aliniamkua kwa Kikamba, akapokea machungwa, akalimenya moja papo hapo. Nyama ya chungwa akanipa mimi. Maganda akaingia nayo chumbani.

"Njoo," aliita. "Haya ni ya wagonjwa wangu."

Kitandani kulikuwa na vikasha vitatu vilivyofunguliwa. Alikuwa akitoa maganda makavu ya zamani na kuweka haya mabichi pembeni mwa kila kikasha, ili mbao isikauke ikapasuka. Chumba kizima kikanukia kama pikapu ya Muthiani.

"Moja ni ya plastiki," alisema. "Hiyo usiiguse, ni ya mwanafunzi wangu mmoja hapa. Anatembea nayo mavumbini, inaanguka, anaiosha na maji. Kwa mwanafunzi hakuna nzuri kuliko hiyo. Hizi mbili nakuazima. Moja ya Kimanzi, na nyingine umpelekee Mama Nzilani pale Kitui, yake imevunjika. Sasa, kuchagua ni kwako. Wewe ndiye umesoma."

Hilo neno *umesoma* lilikuwa linanifuata kila mahali.

Ya kwanza ilikuwa ya mpingo. Nyeusi, yenye mng'ao wa mafuta, vitufe vya fedha, na pete nyembamba zikizunguka matundu. Nilipoiunganisha, viungio viliingia bila kulalamika. Niliziba matundu ya kipande cha juu kwa vidole, nikaziba mwisho wake kwa kiganja na kuvuta hewa kwa mdomo. Ilishikilia. Hakuna pedi, ule mto mdogo wa ngozi chini ya kitufe, iliyovuja. Kisha nikaipiga, nikianza chini kabisa, nikapanda hadi pale kwenye daraja, zile noti za katikati ambapo klarineti nyingi hukohoa. Hii haikukohoa. Ilipita kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe.

"Mti huo unamea hapo nyuma ya kilima," alisema Mwalimu. "Ulienda Ulaya, ukarudi na vitufe."

Ya pili sikuipenda, nakiri. Ilikuwa ya ebonaiti, ile raba ngumu, iliyozeeka ikawa rangi ya kahawia kama chai ya jana. Badala ya matundu wazi ilikuwa na vifuniko. Kila tundu lina kifuniko chake kidogo cha chuma chenye pedi chini, unakibonyeza nacho kinaziba. Hivyo hata kidole kisipokaa sawasawa, tundu linazibwa. Lakini ilikuwa nzito kwenye kidole gumba, sauti yake ilikuwa imefunikwa kama mtu anayeongea kupitia pazia, na nilipoipima kwa simu ilikuwa chini kidogo ya mahali inapotakiwa kuwa.

"Hii ilitengenezewa watu wa namna hiyo," Mwalimu alisema. "Walioumia vidole, wenye vidole vyembamba sana, wazee wenye baridi yabisi. Unafikiria nini?"

Nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa nafikiria Jumamosi. Niliwaona wakwe wa Mumbua wakimtazama mjomba akitokea na kitu cha kahawia chenye vifuniko kama sufuria, na mmoja akimnong'oneza mwenzake, *ndiyo ya wale walioumia*. Ningekuwa nimemchukua mtu aliyenifundisha na kumvisha kilema chake shingoni. Na ile ya mpingo ilikuwa pale, nzuri, ikinukia machungwa. Kidole kilipona, alisema mwenyewe. Kweli, mbao na jua la Nuu havipatani. Lakini ningeiweka kivulini, ningeipasha moto polepole kwa pumzi, ningejaza kikasha maganda. Mama Nzilani, ambaye wala simjui vizuri, angepata hii nyingine. Hupigia ndani ya kanisa lenye vipaza sauti, nani angesikia?

"Ya mpingo ni ya Mjomba," nilisema.

Mwalimu alipangusa mikono yake.

"Kidole chake ni kipi kilichokatwa?"

"Alisema kilipona."

"Sijauliza kama kilipona."

Alifunga vile vikasha viwili, akanifungia na machungwa mengine kwenye mfuko. "Mimi naazima tu," alisema. "Salimia Kimanzi. Alikuwa anapuliza kwa tumbo, si kwa mashavu."

Jumatano nililala kwa shangazi wa rafiki yangu pale Mutomo hadi saa ambazo mtu mwenye kazi angekuwa kazini, kwa sababu usiku nilikuwa nimemjibu Mwalimu Syombua mara nyingi sana kichwani, kila mara kwa ufasaha. Mchana nilipata gari la kwenda Kitui.

Mama Nzilani ana duka la vitambaa Kitui mjini, karibu na soko. Ni mnene, mcheshi, na huongea akiwa na pini mdomoni. Vitambaa vyake vimening'inia kutoka darini hadi sakafuni, kwa hiyo ukiingia kelele za nje huzimika taratibu kama mtu anashusha redio. Alikuwa mshiriki wa bendi moja na mjomba wakiwa vijana.

"Kwa hiyo wewe ndiye mpwa wa Kimanzi! Asi! Una masikio yake. Lete nione mume wangu mpya."

Nilimpa ile ya kahawia. Aliitazama, akaigeuza, akabonyeza vifuniko kwa vidole vyake vifupi vyenye pete. Kisha akatoa pini mdomoni, akapuliza. Pale katikati ya vitambaa ile sauti iliyofunikwa haikuwa mbaya. Ilikuwa kama mtu mzima anayejiimbia akifua.

"Mzee lakini ana adabu," alisema. "Twende tumjaribu kanisani, Kilonzo yuko kwa kinanda."

Kanisa lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kilonzo, kijana wa kinanda, alipiga noti, Mama Nzilani akaitafuta. Alivuta kiungio, akakirudisha, akabana midomo. Klarineti ilibaki pembeni kidogo chini ya kinanda, kama mtu anayetembea na mwenzake lakini mguu mmoja uko kwenye mtaro.

"Mama, hapo unalia," alisema Kilonzo.

"Nalia kwa furaha. Piga wimbo."

Hakunilaumu. Alinikumbatia, akanilisha wali na kuku, akaniuliza ile nyingine ikoje. Nilifungua kikasha nikamwonyesha. Aliigusa kwa kidole kimoja tu, jinsi mtu anavyogusa shavu la mtoto aliyelala, akakifunga mwenyewe.

"Kimanzi ana bahati ya wapwa," alisema.

Nililala kwake nikihesabu sababu zangu. Zote zilikuwa nzuri.

Alhamisi, Mwingi, kisha Nuu. Baada ya Mwingi barabara huwa nyekundu, na kilima cha Nuu hutokea mapema mno. Unakiona kwa muda mrefu sana kabla ya kukifikia, na kila ukisinzia ukiamka kimebadilisha upande. Nilikipakata kikasha mapajani njia nzima. Mashamba yalikuwa matupu, mabua ya mtama yamesimama peke yake, na ng'ombe mmoja mweupe katikati ya uwanja mpana alinitazama kana kwamba alijua ninachokileta na hakukubaliana nacho.

Nyumbani kwa mjomba palikuwa tayari pana harufu ya harusi. Wanawake wanapepeta mchele, vijana wanasimika hema, mtu anabishana na mtu kuhusu masufuria. Mumbua alinikimbilia akiwa na mafuta kichwani na kitambaa, akaninong'oneza sikioni kabla hata ya salamu.

"Umeileta?"

"Nimeileta."

"Hajasema kitu wiki nzima. Anachonga kigingi tu, kile kile kigingi. Ndanu, kama hawezi, nimwambie asijali? Ama nikisema hivyo ndiyo nitamuua kabisa?"

Ni swali ambalo ningeweza kukaa nalo mwezi mzima.

Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha tangi la maji. Aliposimama kunisalimia ndipo nilipoona. Kilikuwa kidole cha pete, mkono wa kushoto. Hakikukosa ncha tu. Kilikuwa kimekatika kwenye kiungo cha kwanza, na mwisho wake umefunga mviringo, laini, kama kichwa cha mshumaa uliozimwa. Nilikitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Umekisalimia?" aliuliza mjomba. "Sasa nisalimie na mimi."

Alifungua kikasha. Nilimwona akivuta harufu ya machungwa, nilimwona akiishika ile mpingo, na kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa zamani, nikaamini nimefanya vizuri. Aliiunganisha kipande kwa kipande bila haraka. Aliulowesha mwanzi mdomoni. Akapuliza.

Noti tatu za kwanza zilitoka safi sana hivi kwamba wanawake waliokuwa wakipepeta mchele walinyamaza. Kisha alishusha kidole cha pete. Klarineti ikapiga ukelele kama ndama. Alijaribu tena. Kila noti iliyohitaji tundu lile lizibwe ilivuja, na takribani wimbo wote uko chini ya tundu lile. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli akakivisha kidole kama soksi. Ikazidi. Akajaribu kunyoosha mkono wote, kuupinda, kuziba kwa upande wa kidole. Jasho lilimtoka. Upande wa pili wa nyumba sauti ya kupepeta ilirudi, kubwa kuliko mwanzo, jinsi watu wanavyopiga kelele ili usijue kwamba walikuwa wanasikiliza.

Aliishusha mapajani.

"Ni nzuri," alisema. "Haki ni nzuri. Nilikwambia uniletee nini, Ndanu?"

"Utakayoweza kupiga."

"Na Mwalimu hakuwa na nyingine?"

Ningeweza kusema hakuwa nayo. Nililifikiria hilo pia, muda wa kutosha.

"Alikuwa nayo. Yenye vifuniko. Haihitaji ncha ya kidole."

"Iko wapi?"

"Kitui. Kwa Mama Nzilani."

"Na kwa nini klarineti yangu iko Kitui?"

"Niliona... watu wangesema ni ya walioumia. Wakwe. Niliona utaona aibu, Mjomba."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko kikavu kilichoanza kidogo kikaongezeka hadi akashika tangi. "Aibu! Msichana, mimi nimeinuka kanisani na mkono huu nikashika watoto wakibatizwa. Nimechinja mbuzi wa mahari ya Mumbua na vidole tisa na nusu, wakwe wakiwa wanaangalia, wakasema nachinja vizuri. Aibu ni kusimama mlangoni Jumamosi bila sauti." Kisha akaacha kucheka. "Ungeniuliza tu."

"Niliogopa."

"Najua. Wewe huogopa mbele, nyuma, na pembeni. Piga simu."

Nilimpigia Mama Nzilani hapo hapo, nikiwa nimesimama juu ya jiwe ili nipate mtandao. Nilimweleza yote, nikarudia, nikaomba msamaha, nikaanza kueleza tena.

"Nyamaza kidogo," alisema. "Unataka kuniambia umeniozesha mume siku moja halafu unamchukua?"

"Ndiyo, Mama."

"Na utaniletea yule mweusi?"

"Nikirudi. Nakuahidi."

"Basi sikiliza. Abdi anayenunua mbuzi anakuja Nuu kesho kwa soko. Lori lake linatoka hapa likiwa tupu. Nampa mzee apande."

Ijumaa nzima nilingoja barabarani. Jua lilikuwa jeupe, na kila vumbi lililoinuka mbali lilikuwa lori, kisha likawa ng'ombe, kisha likawa upepo tu. Niliwaza lori limeharibika. Niliwaza mbuzi wamekikanyaga kikasha, kisha nikakumbuka mbuzi bado hawajanunuliwa, nikawaza wamenunuliwa njiani. Mumbua alikuja mara moja, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, akatazama barabara pamoja nami, akarudi ndani.

Alasiri lori lilifika. Abdi alishuka akiwa na kikasha kwapani.

"Wewe ndiye mwenye hii bunduki? Polisi wamenisimamisha Mwingi. Wanasema, fungua. Nafungua. Wanasema, kama ni ya muziki, puliza. Mimi najua kupuliza? Nikapuliza, ikatoa sauti ya punda. Wamecheka mpaka wakaniachilia."

Ndani ya kikasha Mama Nzilani alikuwa ameizungushia kitambaa cha kitenge, mita nzima, cha maua ya manjano.

Mjomba aliichukua chini ya tangi. Kifuniko cha tundu la tatu kilikuwa mbali kidogo na mwisho wa kidole chake. Alikifikia, lakini kwa kunyoosha, na akinyoosha vidole vingine vinateleza. Nilianza kufikiria, na kabla sijafika popote alishavua ndala yake, akakata kipande kidogo cha soli kwa kisu, akakichonga mviringo, akakibandika kwa gundi ya viraka juu ya kile kifuniko. Kilikuwa cha bluu. Alikisubiri kikauke huku akikipuliza kama anapoza chai.

Kisha alipiga. Hakupiga wimbo, bali zile noti za chini tu, moja baada ya nyingine, ndefu. Hakuna iliyovuja. Nikafumba macho nikawaona tena wale wanawake kwenye mchanga wakisubiri kikombe kijae.

Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kupanda sana, watu walijaa uwanjani. Mjomba alisimama mbele ya mlango akiwa na koti jeusi na ndala mpya, kwa sababu viatu vilikuwa vinambana. Hakuficha kitu. Kile kipande cha bluu kilionekana kutoka kwenye lango. Nilisikia mama mmoja wa upande wa wakwe akimuuliza mwenzake, "Hiyo ya bluu ni ya nini?" na mwenzake akamjibu, "Labda ndiyo ya kuongeza sauti."

Hakuna kinanda Nuu siku kama hiyo, wala hakuna anayetoa noti. Mwimbishaji, mama mfupi mwenye miwani, alianza wimbo mahali koo lake lilipotaka, ambapo si noti yoyote niliyofundishwa, ni kati ya mbili. Mjomba alivuta kiungio kidogo tu, akabana midomo, akaingia. Ile klarineti ya chini kidogo, iliyokuwa inalia kando ya kinanda cha Kilonzo, iliwakuta wanawake waliomwitikia pale pale walipokuwa. Upepo ulivuma juu ya mahema, lakini sauti iliyofunikwa haikupeperuka. Ilitembea chini, karibu na ardhi, kwa mwendo wa watu.

Mumbua alikuwa bado ndani. Alituambia baadaye kwamba alisikia kabla ya kuona, na kwamba mkono wa dada aliyekuwa akimfunga shela ulisimama. Alipotoka hakumtazama mtu yeyote. Alitazama mgongo wa baba yake, akaufuata.

Kulikuwa na noti moja, karibu na mbuyu wa njiapanda, ambapo kidole kiliteleza na klarineti ikalia kama ndama. Mjomba hakusimama. Mumbua alicheka kwa sauti, shela likatikisika, na watu wakapiga vigelegele wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Mlangoni mwa kanisa aliishusha, akageuka, akampa binti yake mkono ule wa kushoto.

Jumatatu nilirudi kwa njia ya Kitui. Nilimpelekea Mama Nzilani ile ya mpingo, nikiwa nimebadilisha maganda ya machungwa mara mbili njiani bila sababu. Aliipiga dukani, katikati ya vitambaa, mahali penye baridi na utulivu ambapo mbao haina cha kuogopa, kisha kwa Kilonzo, ambapo iliingia kwenye kinanda bila kuvutwa. Vidole vyake vifupi viliziba matundu yote. Nilikuwa sijaviuliza navyo.

"Sasa huyu," alisema, "harudi kwa mtu."

Nilipofika Kathonzweni nilimpigia Mwalimu Syombua nikamweleza klarineti zake ziko wapi na kwa nini zimebadilishana. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza tu kama Kimanzi bado anapuliza kwa tumbo. Nikasema ndiyo.

Chuo kilinifundisha kuuliza nani atapiga na atapigia wapi, na ni kweli. Plastiki kwa anayetembea mavumbini, mbao kwa anayekaa ndani na kinanda, vifuniko kwa mkono uliopoteza kitu, sauti iliyo chini kidogo kwa watu wanaoanzia wimbo wanapotaka. Yote hayo niliyajua nikiwa bado ndani ya pikapu ya Muthiani. Nilichokuwa sijui ni kwamba huwezi kumjibia mtu swali hilo, hata kwa heshima, hata kwa mapenzi.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kanisa letu alikuja nyumbani, anataka kujifunza, anauliza anunue klarineti gani. Nilihisi sababu zikianza kujipanga kichwani, ndefu, nzuri. Nikaziacha zipite. Nikamwekea kiti mlangoni, penye mwanga, nikakaa mbele yake.

"Nionyeshe mikono yako," nilimwambia.